Msumeno unaotambua kidole

Nimekuwa kimya kwa muda, wasomaji wangu, nisameheni. Kazi ya kuandika programu ina majira yake, na mwisho wa mwezi wateja wote hukumbuka kwa pamoja kwamba wana mambo wanayotaka yarekebishwe. Leo nimepata nafasi, lakini sitaandika juu ya simu wala tarakilishi. Nataka tuzungumze juu ya msumeno.

Msicheke kwanza. Ndani ya msumeno huu mna prosesa, mna programu, na mna kisa ambacho kila anayejiita mtu wa teknolojia anafaa kukijua. Mimi kimenigusa kwa sababu ya mjomba wangu.

Mjomba ni fundi seremala. Amefanya kazi Nairobi tangu miaka ya themanini, na kwa muda mrefu alikuwa katika karakana moja kando ya barabara ya Ngong, kule ambako makochi na vitanda hupangwa nje kwenye vumbi vikisubiri wanunuzi. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Kile cha shahada na kile cha kati vilikatika pale karakanani mwaka 1998, Ijumaa jioni, akipasua mbao ya saiprasi huku mteja amesimama karibu akimharakisha. Mashine yenyewe haikuwa na jina la kampuni yoyote. Ilikuwa meza ya vyuma vilivyochomelewa, mota kuukuu chini yake, mkanda wa mpira, na bledi ya duara imechomoza katikati. Kinga haikuwapo. Mwenye karakana alilipia teksi ya kwenda hospitali, akampa malipo ya wiki mbili, kisha akatafuta kijana mwingine wa kushika kazi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kuna mtu Marekani aliyetengeneza msumeno unaosimama wenyewe ukigusa nyama ya mtu. Nilidhani ni porojo za mtandao. Nikafuatilia, nikakuta ni kweli tupu, na kwamba mtu huyo alianza kazi hiyo mwaka 1999, mwaka mmoja tu baada ya mjomba kupoteza vidole vyake. Swali lililoniwasha tangu siku hiyo ni hili: kama jambo linawezekana tangu wakati huo, kwa nini misumeno mingi bado haina?

Tuanze mbali kidogo

Msumeno wa duara si kitu cha jana. Mwaka 1777 Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alipata hataza ya mashine ya kupasulia mbao iliyotaja msumeno wa namna hiyo. (Hataza ni ile haki ya kisheria inayompa mvumbuzi umiliki wa uvumbuzi wake kwa muda fulani. Shikeni neno hilo, tutalihitaji mbele.) Kwanza bledi zilizungushwa kwa upepo na maji, kisha mvuke, kisha umeme.

Umeme ulipoingia karakanani, vyombo vilibadilika kwa kasi. Mwaka 1889 Arthur James Arnot na William Blanch Brain wa Melbourne, Australia, walipata hataza ya drili ya umeme. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ikatoa drili ya umeme ambayo mtu angeweza kuibeba mkononi. Mwaka 1916 Black & Decker wa Marekani wakaiwekea drili mpini na kifyatulio kama vya bastola, umbo ambalo hadi leo ndilo tunalolijua. Mwaka 1961 kampuni hiyohiyo ikauza drili isiyo na waya, inayotumia betri ya kuchajiwa. Na mwaka 2005 Milwaukee na Makita wakaleta vyombo vikubwa vya karakana vyenye betri za lithiamu, ndugu za betri iliyo ndani ya simu yako.

Kwa hiyo nguvu iliongezeka, uzito ukapungua, waya ukatoweka. Lakini uhusiano wa bledi na kidole haukubadilika hata kidogo. Kwa zaidi ya miaka 200 bledi ilikata chochote kilicho mbele yake, kiwe mninga, kiwe msumari, kiwe mkono.

Si kwamba watu hawakujaribu. Uingereza ilikuwa na kanuni maalumu za mashine za mbao tangu mwaka 1922, zilizodai bledi ifunikwe na nyuma yake kuwe na kile kipande cha chuma kinachozuia mbao iliyopasuliwa isiibane bledi. Kipande hicho ni kidogo lakini kazi yake ni kubwa. Mbao ikibana bledi kwa nyuma, meno yanayopanda huishika na kuirusha kuelekea kwa fundi. Mjomba huliita jambo hilo kupigwa teke na mbao. Mara nyingi ndilo linalovuta mkono wa fundi hadi kwenye bledi kabla hajajua kilichotokea.

Tatizo la vifuniko ni kwamba vinazuia aina fulani za ukataji. Fundi hukitoa kifuniko asubuhi ili akate mfereji mmoja kwenye mbao, akakiweka pembeni, na kikabaki pembeni mwaka mzima. Nimeona hayo Nairobi, na mafundi wa Marekani wanaungama hayohayo.

Bwana Gass na soseji yake

Stephen Gass alikuwa wakili wa hataza huko Oregon, Marekani, lakini kabla ya sheria alikuwa amesomea fizikia hadi shahada ya uzamifu. Useremala kwake ulikuwa jambo la kujifurahisha. Siku moja mwaka 1999 alikuwa karakanani kwake akiutazama msumeno wake wa meza, akajiuliza kama bledi ingeweza kusimamishwa upesi kiasi kwamba mtu akiigusa apate mchubuko tu.

Hebu tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo utamu ulipo. Bledi ya kawaida ina kipenyo cha inchi 10 na huzunguka kama mara 4,000 kwa dakika. Maana yake meno yake yanakwenda takriban mita 53 kwa sekunde, karibu kilomita 190 kwa saa. Hakuna matatu ya kuifikia hiyo, hata iliyong'olewa spidi gavana.

Sasa tuseme fundi anasukuma mbao kwa mwendo wa sentimita 30 kwa sekunde, na mkono ukateleza. Mwanadamu aliye macho kabisa huhitaji kama milisekunde 200 kushtuka na kuurudisha mkono, yaani moja ya tano ya sekunde. Katika muda huo bledi imezunguka mara 13, na ikiwa ina meno 40, meno zaidi ya 500 yamepita mahali pale. Mkono nao umesonga sentimita 6. Sentimita 6 ni kidole karibu kizima. Ndiyo maana mjomba husema hakuhisi maumivu mwanzoni. Alisikia sauti ya bledi imebadilika, akatazama chini.

Lakini kama kitu kingine kisicho mwanadamu kingesimamisha bledi kwa milisekunde 5, mkono ungekuwa umesonga milimita moja na nusu tu. Hiyo ni plasta na dawa ya kidonda, na kesho yake unarudi kazini. Tofauti kati ya ulemavu na plasta iko katika zile milisekunde 195. Sisi tunaoandika programu tunajua kwamba kwa prosesa milisekunde 5 ni muda wa kutosha kunywa chai.

Je, mashine itajuaje kwamba imegusa mtu na si mbao? Jibu liko mwilini mwetu. Mwili una maji na chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme, na pia huhifadhi chaji kidogo. Mbao kavu haifanyi hivyo. Gass aliitenga bledi isigusane kiumeme na sehemu nyingine za mashine, kisha akaipitishia ishara ndogo sana ya umeme. Bledi ikiwa hewani au ndani ya mbao kavu, ishara inabaki kama ilivyo. Ukiigusa kwa ngozi, mwili wako hunyonya sehemu ya ishara na kiwango chake hushuka ghafla. Prosesa inaipima ishara hiyo bila kupumzika. Ikiona imeshuka kwa namna ya nyama, inatoa amri.

Amri yenyewe ni ya kikatili. Umeme mwingi unapitishwa katika waya mwembamba, waya unayeyuka kama fyuzi, na springi iliyokuwa imefungwa na waya huo inafyatuka. Springi inasukuma kipande cha alumini moja kwa moja kwenye meno ya bledi. Meno yanazama katika alumini, bledi inasimama, na nguvu ya mzunguko wake inaivuta bledi nzima chini ya meza. Yote hayo kwa takriban milisekunde 5.

Gass alijaribu kwa soseji, kwa kuwa soseji hupitisha umeme kama kidole. Aliisukuma kwenye bledi inayozunguka, bledi ikasimama kwa kishindo, soseji ikabaki na alama ndogo. Akarudia tena na tena. Lakini watu wangeuliza kama kidole cha mtu ni soseji, kwa hiyo mwaka 2000 alijidunga ganzi kwenye kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto, akakigusisha bledi inayozunguka. Alitoka damu na kikamuuma, lakini kidole kilibaki kizima.

Mimi nimeandika programu nyingi, na sijawahi kuijaribu yoyote kwa mwili wangu. Namvulia kofia.

Niongeze jambo moja kwa wenzangu wa kazi hii. Kila mfumo wa kutambua kitu una makosa ya aina mbili. Unaweza kupiga kelele bure, au unaweza kunyamaza wakati wa hatari. Kwa msumeno huu kelele ya bure ina gharama halisi. Kasha la breki hutumika mara moja tu, na bledi nayo mara nyingi huharibika. Mbao mbichi yenye maji mengi inaweza kuidanganya mashine, ndiyo maana kuna njia ya kuuzima ulinzi kwa muda fundi akitaka kukata vitu vya namna hiyo. Kunyamaza wakati wa hatari nako gharama yake tunaijua. Kwa hiyo mashine hujikagua yenyewe kabla ya kuwaka, na ulinzi huendelea hata baada ya mota kuzimwa, bledi ikiwa bado inazunguka polepole. Huo ni uhandisi wa mtu aliyefikiri.

Kampuni zinasema asante, hapana

Mwezi wa Agosti 2000 Gass na wenzake walikwenda Atlanta kwenye maonyesho makubwa ya mashine za mbao. Watu walijazana kutazama soseji. Mwaka 2001 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, CPSC, ikampa tuzo. Gass hakutaka kuwa mwenye kiwanda. Mpango wake ulikuwa kuziuzia kampuni kubwa za misumeno kibali cha kutumia uvumbuzi huo, zimlipe mrabaha kwa kila msumeno.

Mazungumzo yalikuwa mengi. Na kampuni moja, Ryobi, mambo yalifika hadi kwenye karatasi za mkataba mwaka 2002, kisha yakafifia. Nyingine hazikufika hata hapo.

Kampuni zilikuwa na hoja zao, na nitazitaja kwa haki. Msumeno mdogo wa bei rahisi uliuzwa Marekani kwa kama dola 100, na kuongeza breki, prosesa na fremu imara ya kuhimili kishindo kungepandisha bei sana. Walisema breki ingejifyatua bila sababu. Walisema watumiaji wangezembea. Tena walisema kwamba ikiwa sheria itamlazimisha kila mmoja kutumia kitu ambacho hataza zake zinashikwa na mtu mmoja, serikali itakuwa imempa mtu huyo funguo za soko lote. Hoja hiyo ya mwisho si ya kupuuzwa. Gass alikuwa wakili wa hataza, na alijizungushia ua wa hataza zaidi ya mia moja.

Lakini kuna hoja moja ambayo Gass mwenyewe ameieleza mara nyingi, nayo ndiyo iliyonifanya nisilale. Anasema kampuni ziliogopa kwamba zikiweka breki kwenye msumeno mmoja, zitakuwa zimekiri mbele ya mahakama kwamba ile mingine yote haikuwa salama. Zikinyamaza zote kwa pamoja, ajali inabaki kuwa kosa la fundi.

Tazameni nani alikuwa akilipa. CPSC ilikadiria kwamba Wamarekani zaidi ya 30,000 kwa mwaka walitibiwa hospitalini kwa majeraha ya bledi za misumeno ya meza, na takriban watu 10 kila siku walikatika kiungo. Gharama hizo zililipwa na majeruhi, bima zao na waajiri wao, mbali na vitabu vya hesabu vya mtengenezaji. Kwa mtengenezaji, breki ilikuwa gharama, na kidole hakikuwa gharama. Mambo yakipangwa hivyo, mashine salama haitengenezwi hata kama ipo tayari mezani.

Gass na wenzake wakaamua kutengeneza wenyewe. Msumeno wao wa kwanza, SawStop, uliotengenezwa Taiwan, ulimfikia mnunuzi mwishoni mwa mwaka 2004. Ulikuwa mashine kubwa ya bei ya juu, zaidi ya dola 2,000. Shule na karakana zenye bima zilianza kuununua, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakilipa mtu akiumia.

Mkanda wa gari na breki ya msumeno

Mwaka huo wa 2004 sisi Kenya tuna sababu yetu ya kuukumbuka. Tarehe 1 Februari sheria za Michuki zilianza kutekelezwa kwenye matatu, pamoja na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa na mkanda kwa kila abiria. Wengi wetu tulitembea kwa miguu siku zile kwa sababu magari yalikuwa gereji yakifungwa mikanda.

Ule mkanda wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Sweden mwaka 1959. Volvo walikuwa na hataza yake, lakini wakawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia bila malipo. Basi mkanda ulikuwapo miaka 45, tena wa bure kwa upande wa hataza, na bado matatu zetu hazikuwa na mikanda mpaka waziri alipotoa amri na polisi wakasimama barabarani.

Nauleta mfano huu kwa sababu wapenzi wa programu huria kama mimi tungependa kusema kosa lote ni la Gass: angeachilia uvumbuzi wake huru, dunia nzima ingekuwa na vidole. Natamani iwe rahisi hivyo. Historia ya mkanda inaonyesha kwamba hata kitu kikiwa huru, hakitembei chenyewe mpaka kwa mtu anayekihitaji. Lazima awepo anayelazimishwa kulipa.

Marekani walijaribu kulazimisha. Gass alipeleka ombi kwa CPSC mwaka 2003. Tume ilitangaza nia ya kutunga kanuni mwaka 2011, ikatoa pendekezo rasmi mwaka 2017, ikalitoa tena baada ya kulirekebisha mwaka 2023. Katikati, mwaka 2010, mahakama moja ya Boston iliamua kesi ya mtu aliyeumizwa na msumeno wa Ryobi akiweka sakafu. Wazee wa baraza walimpa dola milioni 1.5, hoja kuu ikiwa kwamba teknolojia ya kuzuia ajali ile ilikuwapo na haikutumiwa. Hapo kwa mara ya kwanza kidole kiliingia katika vitabu vya mtengenezaji.

Bosch nao walileta msumeno wao, REAXX, uliouzwa kuanzia mwaka 2016. Ulitumia kibweta cha gesi, kama mfuko wa hewa wa gari, kuisukuma bledi chini ya meza bila kuiharibu. Ulikuwa ubunifu mzuri. SawStop wakawashtaki kwa kuvunja hataza, wakashinda, na mwaka 2017 Marekani ikazuia misumeno hiyo isiingizwe nchini. Hapo, niwe mkweli, mapenzi yangu kwa Gass yalipoa. Mtu aliyesema shida ni kwamba kampuni hazitaki kulinda vidole aliizuia kampuni iliyotaka. Mwaka huohuo SawStop ilinunuliwa na kampuni ya Kijerumani inayomiliki Festool.

Mwaka 2024 SawStop waliahidi kwamba kanuni ikipita, wataiachilia hataza yao moja muhimu itumiwe na yeyote. Mwaka ulikwisha kanuni haijapita. Robo karne ilikuwa imepita tangu soseji ya kwanza.

Nilipomweleza mjomba

Krismasi moja tulikuwa nyumbani kijijini, nikamwonyesha mjomba video ya soseji kwenye simu. Aliitazama mara tatu bila kusema neno. Nilitarajia aniulize inafanyaje kazi, nami nilikuwa na maelezo yangu tayari kuhusu ishara na prosesa.

"Mpwa wangu," akasema, "hiyo breki ikishafyatuka, inatumika tena?"

Nikamwambia hapana, unanunua kasha jipya, na huenda bledi pia.

"Na anayenunua ni nani? Mimi au mwenye karakana?"

Nikasema nadhani mwenye karakana.

Akacheka. "Basi ataizima siku ya kwanza. Msumeno ni wake, vidole ni vyangu."

Wasomaji wangu, miezi yote niliyosoma juu ya hataza, tume na mahakama za Marekani imo katika sentensi hiyo moja. Mzee ambaye hajawahi kusikia jina la Gass aliifahamu historia yote kwa kuulizia bei.

Kwa upande wa sheria, Kenya si jangwa. Tangu 2007 tuna sheria ya usalama na afya kazini, inayodai mashine hatari zifunikwe. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ambayo imeweka jedwali la kupima ulemavu kwa asilimia, hadi kidole kimoja kimoja. Sheria hiyo inamtaka mwajiri awe na bima. Kwenye karatasi, kidole cha fundi kina bei na mwajiri ndiye mlipaji. Lakini fundi wa jua kali anayelipwa kwa kitanda alichomaliza, bila barua ya kazi, atamwonyesha nani jedwali hilo? Na yule aliyejiajiri mwenyewe, kwenye mashine aliyoichomelea mwenyewe, atamdai nani?

Ndiyo maana sitawaambia kwamba suluhisho la Gikomba ni kuagiza SawStop. Bei yake tumeiona, na breki ya alumini haitakusaidia ikiwa imezimwa. Hata ikiwashwa haizuii mbao kukupiga teke. Kinachozuia teke ni kile kipande cha chuma nyuma ya bledi, ambacho mchomeleaji yeyote anaweza kukitengeneza kutokana na bati nene. Kinachouweka mkono mbali na bledi ni kijiti cha kusukumia mbao, chenye pengo la kushika mbao mwishoni, kinachokatwa kwenye masalio kwa dakika tano.

Mjomba sasa ana karakana yake ndogo na vijana wawili. Mashine yake ni ya kuchomelewa kama ile ya zamani, lakini nyuma ya bledi ameweka hicho kipande cha chuma. Kwenye msumari ukutani vinaning'inia vijiti sita, vimeng'aa kwa jasho la mikono. Nilimuuliza kwa nini sita kwa watu watatu. Akaniambia kijiti kikipotea, kijana huwa hakitafuti, hutumia mkono. Kwa hiyo lazima kingine kiwe pale anapoweza kukifikia bila kuzima mashine.

Mimi hapo niliona usanifu mzuri kuliko mwingi ninaoukuta kazini. Mjomba anajua mtumiaji wake ni mvivu na ana haraka, akaifanya njia salama iwe ndiyo njia rahisi. Na gharama anailipa yeye, kwa sababu anajua bei ya kidole.

Mkipita karakana yoyote wiki hii kuagiza kabati au meza, tazameni nyuma ya bledi kama kuna kile kipande cha chuma, na ukutani kama kuna kijiti. Kama havipo, ulizeni. Na tafadhali, msisimame pale mkimharakisha fundi.